Shahidi Pembeni mwa Kioo

Wifi yangu ni mtu wa polepole. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichosha kwanza, na nikilificha atasema nimempamba. Mtume chumvi asubuhi, utaitia kwenye chakula cha usiku. Mpe kitunguu akate, utakoroga mchuzi, utaonja, utaonja tena, yeye bado yuko kwenye nusu ya kwanza. Lakini ukisogea kumkemea unakuta kila kipande kinapitisha mwanga, na maneno yanakuishia mdomoni. Nilipoolewa na mdogo wake nilidhani ni maringo ya mtu aliyesoma. Nilimwambia mume wangu kwamba dada yake ananifanyia makusudi. Akacheka, akasema ningoje siku nitakayomwona kazini.

Mimi ni msusi. Kazi yangu inataka mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na wanaokuja kukaa kwenye kibaraza changu wanajua wataondoka na nywele pamoja na habari za mtaa mzima. Kwa hiyo ilikuwa aibu kwangu kwamba sikuweza kueleza wifi anafanya kazi gani pale hospitalini. Si muuguzi, si daktari, hajawahi kumdunga mtu sindano. Nilikuwa nasema tu kwamba anakata. Anakata nini? Anakata nyama za wagonjwa. Mteja mmoja aliposikia hivyo aliinua kichwa, kasukwa nusu, akauliza kama hospitali imefungua bucha.

Ndipo nikaenda kumwona. Chumba chao kiko nyuma kabisa, kando ya mahali pa kufulia mashuka, mlango wa chuma na dirisha refu lenye wavu. Ukiingia, harufu ya dawa ya kuhifadhia inakuchoma pua mpaka machozi yanakutoka bila msiba. Wenzake wanamwita Wembe, na nilielewa upesi kwa nini. Daktari wa upasuaji akimtoa mtu uvimbe, kipande kinaletwa pale ndani ya kichupa. Kinakaushwa maji taratibu, kinazamishwa kwenye nta iliyoyeyuka, na nta ikiganda unapata kibonge kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Kibonge hicho kinabanwa kwenye mashine yenye kisu na mkono wa kuzungusha. Wifi anazungusha, na upande wa pili unatoka utepe mwembamba ajabu, kiasi kwamba ukipumua vibaya unaruka na kupotea.

Ndiyo maana hapumui. Sisemi kwa kutia chumvi. Akianza kukata anabana pumzi, anaunyanyua utepe kwa ncha ya brashi, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, kisha anauopoa kwa kipande cha kioo. Hapo tu ndipo anapumua. Mazoea hayo anayo hata nyumbani. Akimmiminia mama yake maziwa anabana pumzi mpaka kikombe kijae, na wanangu wakikaa mezani humwigiza, wanavimbisha mashavu. Siku ile nilipoona vile vipande vikielea juu ya maji nikamtania, nikamwambia ukiona vyaelea vimeundwa. Hakucheka. Hakuwa na pumzi ya kuchekea.

Baadaye, tukinywa chai kwenye benchi la nje, nilimuuliza faida ya taabu yote ile. Alinijibu kwa kazi yangu mwenyewe. Aliniuliza kama nikishika nywele za mtu najua zipi zitakatika nikizivuta. Nikasema baadhi nazijua, na nyingine nazijua zikishabaki mkononi. Akasema na uvimbe wa saratani ya titi uko hivyo hivyo. Wanawake wawili wanaweza kuwa na uvimbe sawa kwa ukubwa, sawa kwa sura, mmoja ukatulia mahali pake, na mwingine tayari umefunga mizigo, unangoja tu nafasi ya kusafiri kwenda kwenye mifupa au ini au mapafu. Kwa macho matupu huwezi kuujua wenye safari. Lakini chembe zake mara nyingi huwa zimejaa protini fulani kwenye ngozi ya kila chembe, nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo wanadondoshea juu ya kile kipande dawa inayoing'ang'ania protini ile peke yake, na inapong'ang'ania, panageuka kahawia. Pakiwa kahawia, daktari anaanza dawa kali mapema, kabla safari haijaanza. Pakibaki peupe, mgonjwa anaepushwa na dawa zinazomaliza nguvu na nywele.

Nikamwambia basi wewe ni mpiga ramli wa serikali. Hilo lilimuudhi kidogo. Alisema ramli haina mashaka, na kipimo chake kimejaa mashaka. Ni kama wingu, akasema; likitanda mtu anachukua mwavuli, ingawa huenda mvua isinyeshe.

Kisha akanieleza habari ya shahidi, na ndiyo iliyonifanya nianze kumheshimu wifi yangu kwa dhati. Kila kioo kinachopita mikononi mwake hakibebi kipande cha mgonjwa peke yake. Pembeni kuna kipande kingine, kidogo kama ukucha wa mtoto, cha mwanamke aliyefanyiwa upasuaji miaka mingi nyuma na ambaye uvimbe wake ulikuwa umejaa protini ile bila shaka yoyote. Hicho ndicho wanachokiita shahidi. Kinachemshwa na kipande cha mgonjwa, kinadondoshewa dawa ile ile, kinaoshwa maji yale yale. Mwisho wa kazi shahidi lazima awe kahawia iliyokolea kama kahawa ya rangi. Akiwa hivyo, unaweza kumwamini mgonjwa aliye kando yake, awe kahawia au awe mweupe. Shahidi akipauka, ujue dawa haikufanya kazi, na weupe wa mgonjwa hauna maana yoyote.

Kwa hiyo kuna sheria moja ambayo wifi aliishika kuliko kitu chochote. Akiweka kioo chini ya darubini, anaanza na shahidi. Akiridhika naye, ndipo anamtazama mgonjwa. Jina la mwanamke yule hakuna anayelijua tena, wala kama yu hai. Wifi anamwita yule mama, na akimtaja anashusha sauti kama watu wanavyofanya wakimtaja mkubwa aliye chumba cha pili.

Katika kuchemsha huko ndiko nilikoingia mimi, tena bila kupenda. Dawa ya kuhifadhia inafungia zile protini kama mtu aliyefunga mlango kwa ndani, na usipochemsha kwa moto wa kutosha hazifunguki. Mashine yao ya kuchemshia ilikufa, na kipuri kikawa cha kungojwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: wifi akaja jikoni kwangu, akasimama mbele ya sufuria yangu ya presha, ile niliyopewa siku ya harusi, akaiangalia kama mchumba. Alisema wameshakubaliana na daktari mkuu wa maabara kwamba inafaa kwa muda. Nikamwambia aichukue, lakini ikishachemsha mambo yao isirudi kwangu hata kwa mlango wa nyuma. Waliijaribu kwa shahidi mpaka wakaridhika, na kwa miezi mingi ilifanya kazi vizuri kuliko mashine. Maharage yangu tangu hapo yanaiva kwa dua.

Sasa nimtaje mama. Ni mama mkwe wangu, mama yake wifi na mume wangu, mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Umri umekwenda lakini mguu wake kwenye cherehani haujui hilo. Tunaishi naye nyumba moja, na wifi anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa hiyo siku nyingi tunakula pamoja. Nilikuwa namsuka mama alasiri moja, nikamwomba ainue mkono nipitishe kitana, akainua wa kulia, wa kushoto ukagoma katikati. Nilimgusa chini ya kwapa, pembeni mwa titi, nikasikia kitu. Kumbe alikuwa nacho siku nyingi, amekifunga kwa kitambaa ndani ya nguo. Nilipomlaumu kwa kuficha, nikamkumbusha kwamba mficha uchi hazai, alinitazama kwenye kioo cha ukutani.

"Mimi nimeshazaa, mwanangu," akasema. "Sasa naweza kuficha."

Nilicheka huku nalia. Alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa, na kipande kikafuata njia ya vipande vyote, kikaja kwenye chumba cha Wembe. Wifi alikwenda kwa daktari mkuu, akamweleza kwamba huyu ni mama yake mzazi, kazi hii apewe mtu mwingine. Mtu mwingine aliyekuwa akiijua kazi ile alikuwa amejifungua na yuko likizo. Daktari akamwambia akate na kutia dawa yeye, na kusoma atasoma daktari mwenyewe. Ndivyo ilivyofanyika, na kipande cha mama kikatoka cheupe.

Naomba mjue furaha ile ilikuwaje, vinginevyo hamtaelewa kilichofuata. Mama aliambiwa hahitaji dawa kali. Ahudhurie kliniki tu, ale vizuri. Siku hiyo hiyo alirudi kwenye cherehani. Alijitapa kwa majirani kwamba maziwa yake yamemnyonyesha mtaalamu, na sasa mtaalamu amemrudishia fadhila. Nilimsuka upya, mistari myembamba inayokwenda nyuma, na alikaa muda wote akijitazama. Mume wangu, ambaye tangu upasuaji alikuwa haongei mezani, alianza tena kulalamikia maharage.

Furaha hiyo ilikuwa bado mbichi wifi alipotia dawa fungu lingine la vioo, vya wagonjwa wengine. Akaweka cha kwanza chini ya darubini, akaanza na shahidi kama kawaida yake. Shahidi alikuwa mweupe pe. Akaweka cha pili, mweupe. Akainuka, akaenda kwenye sufuria, akaiwasha na maji matupu, akainama kuitazama. Mvuke ulikuwa unavuja kwa pembeni, chini ya mfuniko. Mpira wa ndani ulikuwa umekauka na kupata ufa, hivyo presha haikufika inapotakiwa kufika. Alitafuta mpira mpya, akarudia fungu lote, na shahidi akarudi rangi ya kahawa.

Mtu mwingine, nami nikiwemo, angeishia hapo na kujipongeza. Wifi alijiuliza swali moja: mpira haupasuki kwa siku moja, je, ulianza kuchoka lini? Akafungua droo ya vioo vya nyuma, akatoa fungu lililotangulia, lile lililokuwa na kioo cha mama. Akawatazama mashahidi, mmoja baada ya mwingine. Hawakuwa weupe. Walikuwa kahawia, lakini kahawia ya chai ya maziwa.

Alikuja jikoni kwetu jioni ile akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, na yeye ni mtu wa kuvua viatu. Mama alikuwa chumbani kwake anashona. Alitueleza habari za mpira na za droo, mimi na mume wangu, kwa sauti ndogo. Mume wangu akauliza ilikuwaje watu wawili, yeye na daktari, wasiione rangi ile siku ile.

"Daktari aliletewa na mimi, nikiwa nimeshatabasamu," wifi akasema. "Ile siku nilianza kumtazama mama. Sikuanza na shahidi. Nikaona mama ni mweupe, nikafurahi, na baada ya kufurahi shahidi akaonekana anatosha."

Cherehani ya mama ilikuwa inasikika mpaka jikoni.

Mume wangu si mtu mbaya, na aliyoyasema aliyasema kwa sababu anampenda mama yake na anampenda dada yake. Alisema daktari ameshatia sahihi. Alisema mama analala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu upasuaji, na maji yakishamwagika hayazoleki. Kama ni lazima, basi dada akirudie kipimo cha mama kimyakimya. Kikiwa cheupe yaishe, kikiwa kahawia watatafuta namna ya kusema. Lakini hao wengine wa fungu lile awaache na daktari wao. Akienda kujitangaza atafukuzwa kazi, na asipofukuzwa atatukanwa. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Polepole yake ile, siku hiyo niliipenda.

"Nikimrudia mama peke yake," akasema, "itakuwa ameponea kwa kuwa ana binti maabara. Na wao wana nani?"

Nilimwambia mume wangu anyamaze kabla hajajibu. Sijui nilimwambia kwa ukali gani, ila alitoka nje akasimama uani muda mrefu.

Asubuhi wifi alikwenda kwa daktari mkuu. Nimeambiwa na wifi mwenyewe, kwa hiyo nampa daktari haki yake: hakufoka wala hakutafuta wa kumbebesha. Aliviweka vioo vile chini ya darubini, kimoja kimoja, akavitazama kwa utulivu, kisha akavua miwani. Alisema hata yeye alipaswa kuanza na shahidi, na alianza na uso wa Wembe. Wakasimamisha majibu yote ya fungu lile. Wakagawana simu, daktari akapiga nyingine, wifi akapiga nyingine, kuwaambia watu walioshangilia kwamba wasitishe kushangilia. Wengine walilia. Mmoja alimwambia wifi maneno ambayo sitayaandika, na wifi alisubiri ayamalize kisha akamweleza siku na mlango wa kuja.

Kipimo cha mama kilirudiwa mchana. Nilikuwa nimempelekea wifi chakula, nikaambiwa ningoje kwenye benchi la nje, kwa hiyo yaliyotokea ndani niliyaona kwa dirisha lenye wavu. Nilimwona akizungusha ule mkono wa mashine, mashavu yamejaa pumzi. Kibonge cha mama kilikuwa kimeshakatwa mara nyingi na nyama iliyobaki ndani ya nta ilikuwa kidogo. Akikosea hapa, hakuna pengine pa kukata. Hakukosea. Alichemsha, akadondosha, akaosha, na kila hatua ilichukua muda wake, na mimi niliyezoea kumsukuma wifi yangu kwa maneno nilikaa pale nikiomba asiharakishe. Mwisho akaweka kioo chini ya darubini. Akatazama upande mmoja tu, upande wa shahidi. Akanyanyuka kwenye kiti, akamwita daktari, akampisha.

Daktari alitazama. Kisha aliweka mkono juu ya bega la wifi, na kwa dirisha lile sikuhitaji kusikia.

Alitoka nje, akaniambia ni kahawia, si kama ya shahidi, lakini kahawia isiyo na mashaka. Nilimshika. Ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo tulishikana vibaya, kidevu chake juu ya kichwa changu, na wafuaji mashuka walipita na matoroli yao wakajifanya hawatuoni.

Mama aliambiwa na bintiye mwenyewe. Wifi alikataa mume wangu aseme, akakataa mimi niseme. Alipiga magoti kando ya cherehani akaeleza yote, mpira, shahidi, na lile la kuanza kumtazama mama kabla ya shahidi. Mama hakusimamisha mguu mpaka alipomaliza mshono wa mfuko aliokuwa akiushona. Kisha akakata uzi.

"Ulinipa uhai mbele za watu," akasema, "leo umekuja kuuchukua kimyakimya."

Akasema haendi popote. Amezeeka, ameshajiandaa mara moja kufa na mara moja kuishi, na hana nguvu ya kujiandaa mara ya tatu. Tukabembeleza, mume wangu akabembeleza kuliko wote, na wapi. Alimnunia bintiye waziwazi. Wifi akileta chakula mama anakula, maana kununa na njaa ni vitu viwili, lakini sahani ilirudishwa kwa mkono wangu. Wifi akiingia sebuleni cherehani inaongeza kasi. Na wifi aliendelea kuja kila siku akitoka kazini, akakaa pale, akasikiliza cherehani. Hakumwambia mama kwamba kila siku inayopita uvimbe wenye safari unajua cha kufanya na siku hiyo. Alijua kwamba mama anajua. Mimi nilikuwa nikikasirika kwa niaba ya wote wawili, mpaka nikamkaza mteja mmoja nywele akalalamika.

Kilichomgeuza mama si sisi. Aliniita nimfumue, nikaanza kufumua ile mistari myembamba niliyomsuka siku ya furaha. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari za bei sokoni, wale wengine walioitwa wamekubali kuja? Nikamwambia wengi wamekubali. Akauliza nani aliwaambia. Nikamwambia daktari na wifi, kwa simu, mmoja mmoja.

"Walimtukana?"

Nikasema wengine walimtukana.

"Alijibu nini?"

Nikamwambia hakujibu, alingoja wamalize kisha akawaambia waje lini.

Nikaendelea kufumua mpaka nikamaliza upande mzima. Nilidhani kasinzia. Kisha akasema nisimsuke tena, nimnyoe. Dawa hizo zinang'oa nywele, na yeye hataki ziwe zinadondoka kwenye cherehani, watoto wa watu wakavaa sare zilizoshonewa mvi zake. Nilichukua wembe. Nimenyoa watu wengi, lakini kichwa kile nilikinyoa kwa mkono wa wifi yangu, polepole, na nadhani nilikuwa nimebana pumzi.

Najua mnataka kujua kama alipona. Mama yupo. Dawa zilimlaza, zikamtapisha, zikamwondolea ladha ya kila kitu isipokuwa ndimu. Vipimo vya karibuni havijaona saratani mahali pengine, na daktari anasema hivyo kwa tahadhari, akisisitiza neno hadi sasa. Wifi hakufukuzwa, alionywa, akasimama pale pale, mbele ya mashine ile ile. Sufuria yangu ilistaafishwa baada ya mashine kubwa kutengenezwa, na bado siitaki. Lakini siku ninayotaka kumalizia ni ile ya kwanza, tulipompeleka mama kuanza dawa.

Chumba cha dawa kina viti vya kuegemea vilivyopangwa ukutani, na kati ya kiti na kiti kuna kiti cha kawaida cha msindikizaji. Mama alikaa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha, muuguzi akamwekea mpira wa dawa, nami nikachuchumaa miguuni pake. Wifi alibaki amesimama na mkoba wa mama mkononi, kwa sababu kiti cha katikati kilikuwa na mkoba wa mgonjwa wa jirani, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, mpira wa dawa umeshaingizwa mkononi. Mwanamke yule alikuwa akiongea tangu tulipoingia, naye hakuwa akiongea na mtu hasa. Alisema yeye asingekuwa hapa. Alishaambiwa ni mzima, kafanya sherehe, kisha simu ikapigwa kutoka maabara kumwambia walikosea. Watu wa maabara hawana haya, alisema. Wangekuwa na haya wasingepiga, au wangepiga wakataja majina yao.

Nilimwona mama akifungua mdomo. Nilijua atamtetea mwanawe, na kwa ulimi wa mama yule mwanamke angejuta. Lakini wifi alimtangulia, na ndiyo mara moja tu niliyowahi kumwona akifanya jambo upesi.

"Ni mimi niliyekupigia," akasema. "Na ni mimi niliyekosea."

Mwanamke yule aligeuza kichwa. Alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu. Sauti ya simu aliitambua, nadhani, maana uso wake ulibadilika kabla hajasema lolote. Aliuliza kwa taratibu sana, kana kwamba anahofia jibu, huyu mzee uliyemsindikiza ni nani kwako.

"Ni mama yangu. Kioo chake kilikuwa fungu moja na chako. Naye nimemrudisha, kama wewe."

Mwanamke akamtazama mama, akakitazama kichwa chake kilichonyolewa. Mama akamtazama na yeye, akatikisa kichwa kukubali. Dawa zilidondoka kwenye mipira yao, yake na ya mama, tone kwa tone. Mwanamke aliinua ule mkono usio na sindano, akavuta mkoba wake kutoka kwenye kiti, akauweka chini miguuni pake.

"Kaa, mwanangu," akamwambia wifi. "Tutakuwa hapa siku nzima, miguu itakuuma."